Damu ya Nani? Uchambuzi wa Mapatano ya Binadamu na Wanyonya Damu katika Hadithi

Katika hekaya za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzipiga chapa mwaka wa 1870, imo ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka huyo alipoanza kukamata mifugo, watu walikwenda kumpa sultani habari, naye akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, basi wao limewahusu nini. Paka akapanda kutoka mnyama mdogo hata mkubwa, na kutoka mnyama hata mwanadamu, na sultani hakuacha kumkingia kifua, mpaka siku paka alipowarukia na kuwaua watoto watatu wa sultani mwenyewe. Ndipo alipokiri kwa kinywa chake kwamba huyo si paka tena, bali ni nunda, na nunda ni mla watu. Aliyekwenda kumtafuta nunda porini na kumwua hakuwa sultani aliyemlea, wala mmoja katika wakubwa wa mji. Alikuwa ni kitinda mimba wa sultani, kijana aliyedharauliwa kwa kuwa siku zake zote alizimaliza jikoni.

Nimeitanguliza hekaya hii kwa sababu, ijapokuwa hamna ndani yake mfu atokaye kaburini wala jino lichomalo shingo, imebeba kwa ukamilifu swali ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani wamelizungusha kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi: je, binadamu aweza kufanya mapatano na kiumbe aishiye kwa damu ya binadamu, na kama aweza, mapatano hayo husimama juu ya msingi gani? Swali hili limezaa aina nzima ya hadithi za giza, ambamo watu waliobanwa na hatari iliyozidi nguvu zao humwendea yule waliyekuwa wakimkimbia jana, wakampa mkono, na kumwomba asimame upande wao. Msomaji wa hadithi hizo, na aghalabu hata mhakiki wake, huanza kwa kuuliza kama zimwi litatimiza ahadi. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: damu itakayonywewa katika mapatano hayo ni damu ya nani, na je, mwenye damu alikuwapo barazani siku mapatano yalipofanywa?

Tuanze na asili, maana mnyonya damu wa mwanzo hakuwa kiumbe wa kufanya naye shauri. Katika vijiji vya Serbia, wakati sehemu ya nchi hiyo ilipokuwa chini ya enzi ya Austria, watumishi wa serikali waliandika taarifa juu ya mikasa miwili iliyosikika Ulaya nzima: ule wa Petar Blagojević katika kijiji cha Kisiljevo mwaka wa 1725, na ule wa Arnold Paole katika kijiji cha Medveđa, ambao daktari wa jeshi Johannes Flückinger aliuandikia taarifa mwanzoni mwa mwaka wa 1732. Marehemu hao walikuwa wanavijiji wa kawaida, majirani wa wale wale waliowaogopa. Walipofukuliwa walionekana hawajaoza, na damu i midomoni mwao, wakachomwa kigingi cha mti na kuteketezwa kwa moto. Elimu ya tiba hutufunulia leo kwamba maiti huvimba kwa hewa izaliwayo tumboni, na kwamba umajimaji mwekundu hupanda mpaka mdomoni pasipo uchawi wala unyonyaji. Lakini hofu haikungoja elimu, nayo ilienea kiasi ambacho mwaka wa 1755 Malkia Maria Theresa alimtaka tabibu wake, Gerard van Swieten, atoe rai yake, na kwa rai hiyo ufukuaji wa makaburi ukapigwa marufuku.

Mfu wa namna hiyo hana ulimi wa kuahidi wala mkono wa kuweka sahihi. Huja usiku, hukandamiza vifua vya watu, huondoka. Na wanakijiji hawana la kufanya naye ila kumwua mara ya pili. Hata hivyo itikadi za watu wa Balkani ziliacha mlango mmoja wazi. Ilisadikiwa kwamba mfu aweza kumrudia mjane wake na kuzaa naye mtoto, na kwamba mtoto huyo, aitwaye dhampir, ana macho ya kumwona mnyonya damu asiyeonekana na wengine, na nguvu ya kumwangamiza. Vijiji vilimwita mtu wa namna hiyo, vikamlipa ujira, naye akaifanya kazi ambayo wazima wenzake hawakuiweza. Hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo binadamu aliomba msaada kwa damu ile ile iliyomdhuru; na mtu azingatie ni nani aliyetwikwa mzigo: mtoto ambaye hakuchagua baba, alipaye kwa maisha yake yote deni asilolikopa. Mashujaa wengi wa hadithi za siku hizi, nusu watu na nusu mazimwi, ni wajukuu wa dhampir huyu, na huzuni wanayotembea nayo imetokana na urithi huo.

Mapatano yenyewe, yaani makubaliano ya kinywa baina ya pande mbili zenye akili, hayakuwezekana mpaka mnyonya damu alipopewa ulimi, nasaba na nguo nzuri. Kazi hiyo ilifanywa na John Polidori, tabibu kijana wa mshairi Byron, ambaye alikuwa pamoja naye kando ya ziwa la Geneva katika kiangazi kile cha mvua na baridi cha mwaka wa 1816, na ambaye hadithi yake ilichapishwa London mwaka wa 1819. Mnyonya damu wake, Lord Ruthven, hakai makaburini. Hukaa katika majumba ya wakubwa, hucheza kamari na hualikwa karamuni. Kijana Aubrey husafiri naye mpaka Ugiriki, na huko Ruthven, akiwa katika hali ya kukata roho, humwapisha kwamba kwa mwaka mmoja na siku moja hatamwambia mtu yeyote habari za maovu yake wala za kifo chake. Aubrey huapa kwa huruma, kama mtu mwungwana aapavyo mbele ya mwenziwe anayekufa. Baadaye hurudi kwao, humkuta Ruthven yu hai, na humwona akimposa dada yake. Naye, kwa kuwa amefungwa na kiapo, hunyamaza mpaka akili yake ikavurugika, na anapofungua kinywa muda wa kiapo umekwisha na dada yake amekwisha kunywewa.

Kwetu husemwa kwamba ahadi ni deni, na mtu mwema huona haya kuivunja. Hadithi ya Polidori haiupingi uaminifu. Yataka tuuone mpaka wake. Aubrey hakuweka rehani mali yake. Aliweka rehani usalama wa watu ambao hawakuwapo alipoapa, na wa kwanza miongoni mwao alikuwa ni ndugu yake wa tumbo moja. Sheria yoyote ya haki hukataa mtu asiweke rehani kilicho cha mwenzake, na kiapo kifanyacho hivyo kimezaliwa kikiwa batili, japokuwa kimetamkwa kwa sauti ya heshima. Ruthven aliijua tabia njema ya rafiki yake kuliko rafiki mwenyewe alivyoijua, akaigeuza kuwa kufuli. Kwa hiyo katika mapatano ya namna ya kwanza, ambayo nayaita mapatano ya kiapo, chombo cha maangamizi ni wema wa mtu usiotazama utamwangukia nani.

Namna ya pili ni mapatano ya utumishi, na hakuna aliyeyachora kwa mapana kuliko Bram Stoker, mwandishi aliyezaliwa Dublin mwaka wa 1847, katika riwaya yake ya Dracula iliyotoka mwaka wa 1897. Watu wengi hukumbuka katika kitabu hicho ngome, mbwa mwitu na popo. Wachache huangalia jinsi bwana yule wa kutisha asivyoweza kufanya safari yake pasipo mikono ya watu. Ahitaji wakili, na wakili ndiye Jonathan Harker, aendaye Transylvania na hati za ununuzi wa nyumba ya Carfax, pale Purfleet karibu na London. Ahitaji watu wa kupakia masanduku 50 ya udongo. Ahitaji jahazi, nayo ni Demeter, itokayo bandari ya Varna na kufika Whitby haina mtu hai, nahodha wake amefungwa maiti penye usukani. Ahitaji wachukuzi wa kuyatawanya masanduku katika mitaa ya London. Wote hao hutenda kazi halali kwa ujira halali, na hapana hata mmoja aliyekusudia kumwaga damu. Uovu umegawanywa katika vipande vidogo vidogo, kila kipande kikawa chepesi kubebwa na mtu mwema, na mzigo mzima hauonekani mpaka umekwisha kutuliwa mlangoni mwa mtu mwingine.

Miongoni mwa watumishi hao yumo mmoja aliyejua amtumikiaye. Renfield, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Daktari Seward, hula nzi, kisha buibui, kisha ndege, kwa itikadi kwamba kila uhai aumezao huongezwa juu ya uhai wake. Na Dracula humjia dirishani na kumwahidi uhai usio na idadi. Stoker aliweka katika kitabu chake sharti ambalo msomaji wa Kiswahili hulielewa upesi kuliko wengine, yaani mnyonya damu haingii nyumbani mwa watu mpaka kwanza mmoja wa wenyeji amwambie karibu. Kwetu hodi na karibu ni heshima ya nyumba. Mgeni hukaa kizingitini mpaka aitikiwe, na aitikaye huitika kwa niaba ya wote waliomo ndani. Renfield aliitika. Aliyelipa siku zilizofuata alikuwa ni Mina, mke wa Harker, aliyelala katika nyumba ile ile kwa kudhani kwamba yu salama. Renfield alipomwona Mina amepauka, alifahamu kwamba karibu yake imelipwa kwa damu ya mwingine, akataka kuurudisha ulimi wake kwa kumpiga mwereka aliyemkaribisha, naye akavunjwa mifupa na kuachwa katika dimbwi la damu yake. Majuto yake ni ya kweli, nami humhesabu kuwa ndiye mtumishi mwenye heshima kuliko wote kitabuni. Lakini majuto huja nyuma ya mlango uliokwisha kufunguliwa.

Hapa yatupasa kutulia, kwa kuwa ndani ya kitabu hicho hicho, na katika picha ya sinema iliyotolewa humo pasipo ruhusa, yaonekana mapatano ya sura nyingine. Mina, baada ya kulazimishwa kuinywa damu ya Dracula, hugundua kwamba fungamano lile lapita pande zote mbili: kama yule awezavyo kumwita, naye aweza kusikia anakokwenda. Yeye mwenyewe huwaambia wenziwe wamlaze usingizi wa kiini macho jua likichomoza na likitua, nao humwuliza asikiacho, akajibu kwamba asikia maji yakipiga ubavu wa chombo. Na kwa kusikia huko adui hufuatwa mpaka kwao. Katika Nosferatu, sinema ya F. W. Murnau ya mwaka wa 1922, Ellen husoma kitabuni kwamba mnyonya damu ataangamizwa iwapo mwanamke mwenye moyo safi atamtolea damu yake kwa hiari na kumshughulisha mpaka jogoo awike; basi hufungua dirisha, humwita, na alfajiri humkuta mnyonya damu huyo, Count Orlok, amesahau saa. Mji wa Wisborg huokoka na tauni, na Ellen hufa.

Mtu aweza kusema kwamba Ellen naye amemkaribisha zimwi, kama Renfield. Kwa umbo la tendo, ndiyo. Dirisha limefunguliwa na jina limeitwa. Tofauti i katika mfuko uliolipa. Renfield alifungua mlango wa nyumba iliyolala watu, ili apate. Ellen alifungua dirisha la chumba chake, ili atoe. Alijua sharti, alijua bei, na bei haikutoka shingoni mwa mtu mwingine. Kila nikizilinganisha hadithi hizi naona kanuni hiyo ikirudi: palipo na mtu mmoja ambaye ndiye mwenye kuafiki na ndiye mlipaji, mapatano na zimwi huweza kuzaa wokovu, ingawa wokovu mchungu, na palipo na wawili, mmoja akiafiki na mwingine akilipa, hatima ni ile ya Sultani Majnuni. Wala si bure kwamba wale waliolipa wenyewe katika hadithi za zamani ni wanawake. Waandishi wanaume wa zama zile walikuwa wepesi kuukubali utoaji wa mwanamke kama jambo la maumbile, nami sioni kwamba uzuri wa kifo cha Ellen unatuondolea wajibu wa kuuliza wanaume wa Wisborg walikuwa wakifanya nini usiku ule.

Sasa lile swali la pili, la uaminifu wa zimwi, ambalo niliahirisha, laweza kujibiwa kwa maneno machache. Katika fasihi yetu kiumbe asiye mtu aghalabu hutimiza neno lake kuliko mtu. Katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, waliomhini Adili na kumtosa baharini ni ndugu zake wa damu. Aliyemwokoa ni jini ambaye Adili alimtendea hisani kabla. Lakini fadhila ya jini haikuja peke yake. Ndugu wale waligeuzwa nyani, na Adili akaamriwa awapige kila usiku, naye akatii huku roho ikimwuma. Urafiki ulikuwa wa kweli, ahadi ilitimizwa, na bado sharti lake lilikuwa ni mjeledi juu ya mgongo wa mwingine. Hivyo uaminifu wa upande wa pili hautoshi kuyahalalisha mapatano. Yawezekana kila kifungu kitimizwe kwa usahihi, na dhuluma ikawa ndani ya kifungu chenyewe.

Namna ya tatu ni mapatano ya adui wa wote, nayo ndiyo inayopendwa mno na wasimulizi wa zama zetu, kwa kuwa ina vita, hila na mashaka ya kila hatua. Mfano ulio wazi ni sinema ya Blade II, iliyoongozwa na Guillermo del Toro mwaka wa 2002, juu ya shujaa aliyezuka katika vitabu vya picha vya Marekani mwaka wa 1973, mwindaji wa wanyonya damu ambaye mama yake aliumwa alipokuwa akimzaa. Wajumbe wa wanyonya damu humjia Blade kwa amani na kumweleza kwamba wamezuka viumbe wapya wakali, ambao hunywa damu ya watu na ya wanyonya damu pia. Wakisha kumaliza wanyonya damu, watawageukia wanadamu. Basi humpa kikosi cha watu wao hodari, ambacho, jambo la kutisha, kilikuwa kimezoezwa kwa ajili ya kumwua yeye mwenyewe. Blade hukubali, na hoja yake yaonekana ina nguvu: moto ukishika mtaa, mtu hamwulizi jirani mbaya kama ndoo yake ni safi.

Lakini hadithi yaenda ndani zaidi, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Yabainika kwamba janga lile halikutoka msituni. Damaskinos, mzee wa wanyonya damu, ndiye aliyelitengeneza alipokuwa akitafuta kizazi kisichokuwa na udhaifu wa kizazi chake, na zimwi la kwanza, Nomak, ni mwanawe wa kumzaa. Aliyeomba msaada ndiye aliyewasha moto. Hata miongoni mwa watu wa Blade alikuwamo mmoja aliyekuwa amekwisha kujiuza. Nyssa, binti wa mzee huyo, ambaye aliingia katika mapatano kwa moyo mmoja na kupigana kwa uaminifu, hudhulumiwa na baba yake kama vile mwanadamu yeyote, na mwisho huomba apelekwe alione jua likichomoza, naye hufa ndani ya nuru yake. Fundisho la hadithi hii ni kwamba mgawanyo wa watu huku na mazimwi huku hautoshi kuwa dira. Pande zote mbili wamo wanaotuma na wanaotumwa, wanaojua asili ya janga na wanaofichwa. Na fungamano la kweli lililozaliwa katika vita vile lilikuwa baina ya wawili waliofichwa, Blade na Nyssa.

Namna ya nne, iliyo ngumu kupita zote, ni mapatano ya riziki, yaani kuishi pamoja. Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, aliitolea riwaya yake ya mwisho, Fledgling, iliyotoka mwaka wa 2005, miezi michache kabla ya kifo chake. Wanyonya damu wake huitwa Ina. Si wafu, ni jamii nyingine iliyo hai, nao hukaa na wanadamu wachache wachache katika nyumba moja, wakinywa kwa zamu pasipo kuua. Mwanadamu hupata afya, maisha marefu kuliko ya wenziwe, na jamaa wa kukaa nao. Ina hupata chakula na mapenzi. Kwa kuangalia juu juu, hapa mlipaji yupo barazani, hujua anachotoa na anachopata, na kanuni niliyoiweka imetimizwa. Butler, kwa uaminifu wake mkubwa wa akili, hakuturuhusu kupumzika hapo. Mate ya Ina humtia mwanadamu utumwa wa mwili: akisha kuumwa mara kadhaa hawezi tena kutengana naye, na Ina akifa, mwanadamu wake aghalabu humfuata. Shori, msichana wa Ki-Ina aliye shujaa wa kitabu, huwaeleza watu wake ukweli huo na kuwapa nafasi ya kuondoka mapema, naye hufanya hivyo kwa sababu anawapenda. Lakini swali labaki palepale: ridhaa itolewayo baada ya utamu kuingia mwilini, je, ni ridhaa?

Butler aliongeza jambo jingine. Shori ameumbwa kwa kuchanganya mbegu ya Ina na ya mwanadamu mweusi, na weusi wa ngozi yake humwezesha kustahimili jua; na baadhi ya Ina, badala ya kufurahi, humwona ni uchafu ulioingia katika nasaba yao, wakawaua jamaa zake wote na wanadamu wao. Kesi husikizwa mbele ya baraza la wazee, na ndani ya baraza hilo wanadamu waliouawa huzungumzwa, nao hawana kiti. Sidhani mtu aweza kusoma sura hizo akabaki na wepesi aliokuwa nao juu ya mapatano ya riziki. Nyumba ina mapenzi, ina chakula, ina maisha marefu. Na siku ya hukumu yafahamika ni nani mwenye nyumba.

Baada ya hayo yote, mtu mkali aweza kusema: basi dawa ni kutopatana kabisa, kigingi na moto, kama walivyofanya watu wa Kisiljevo. Richard Matheson alimjibu mtu huyo mwaka wa 1954 katika riwaya ya I Am Legend. Robert Neville, mtu mmoja aliyesalia mzima katika mji wa Los Angeles baada ya maradhi kuwageuza wengine, hujifungia nyumbani usiku na mchana huenda nyumba hata nyumba akiwachoma vigingi waliolala. Hakuwahi kuuliza kama wote ni wa hali moja. Miongoni mwao walikuwamo wafu, lakini walikuwamo pia wagonjwa walio hai, ambao walipata dawa ya kulizuia lile gonjwa na kuanza kujenga upya jamii yao. Naye alikuwa akiwaua hao na hao bila tofauti, mume wa huyu na mtoto wa yule. Wanapomkamata, hutazama dirishani akaona nyuso zao zilivyojaa hofu, na huelewa kwamba kwa watu hawa wapya yeye ndiye kiumbe ajaye mchana kuua waliolala. Kukataa mapatano, basi, hakumtoi mtu katika hesabu ya damu. Asiyetaka kuuliza damu ni ya nani huweza kuwa yeye ndiye mnywaji.

Sitafunga uchambuzi huu pasipo kugusa yale yaliyotukia katika nchi zetu wenyewe, maana hapa kwetu habari za wanyonya damu zilikaa midomoni mwa watu kabla ya kufika kwa sinema. Neno mumiani asili yake ni Kiajemi, na lilikuwa jina la kitu cheusi mfano wa utomvu, kilichouzwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengineyo. Lakini kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka wa 1939 yaeleza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ukianza, watu wa mji hawakutoka nje jua likisha kuchwa. Katika zama za ukoloni uvumi huo ulipata majina mengi: wazimamoto katika miji ya Kenya na Uganda, banyama katika nchi iitwayo leo Zambia, batumbula huko Katanga. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2000, akayatazama kuwa ni njia ambayo watu walisemea habari za kazi, za mshahara na za dola isiyojieleza.

Jambo lililonigusa katika masimulizi hayo ni kwamba mzungu aonekana kwa mbali; wanaotajwa sana ni watu wa hapa hapa, askari na waajiriwa, ambao yasemekana walikamata wenziwe usiku kwa mshahara na kukatazwa wasimwambie mtu kazi waifanyayo. Yaani wasimulizi wale, ambao hawakumsoma Polidori wala Stoker, waliifikia ile ile mizizi miwili, kiapo cha kunyamaza na utumishi wa ujira, na wakaliuliza lile lile swali juu ya ni nani aliyeafiki na ni nani aliyelipa. Hata hivyo yanipasa kuonya kwa msisitizo. Hadithi ikikaa kitabuni hutufundisha. Ikitembea sokoni na kumnyoshea kidole mtu mwenye jina, huua. Mwaka wa 2017, kusini mwa Malawi, makundi ya watu yaliwaua wenzao kwa tuhuma za unyonyaji damu, na damu iliyomwagika siku zile ilikuwa ya watu wasio na hatia. Neville hayumo riwayani peke yake.

Tuna methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watu huitumia kumtuliza mwenye kuishi chini ya mkubwa mgumu aliyezoeleka. Nimeifikiri sana methali hii katika kuandika makala haya, nami naona haijatoa hakikisho lolote la kutoliwa. Yasema tu kwamba kitabaki kitu. Hadithi zote nilizozitaja ni hesabu ya kile kipande kilichokwenda: dada yake Aubrey, mabaharia wa Demeter, watoto wa watu ambao sultani aliwahesabu pamoja na mifugo. Likujualo lipo, wala sikatai kwamba katika siku ya msiba mkubwa mtu aweza kulazimika kuketi nalo. Lakini kabla hajaketi, na awaite kwanza wale ambao kipande kitakatwa miilini mwao, awape mkeka na haki ya kusema hapana, na wakisema hapana liwe ni neno lililokatika. Lau Sultani Majnuni angalimwuliza yule wa kwanza aliyefika barazani kushtaki, na kumsikiliza mpaka mwisho wa maneno yake, paka angalifungwa siku ile, na kijana wa jikoni asingalilazimika kwenda porini kumtafuta nunda.